Grupu la watu wa baze limejaa taka: pima kwanza kabla hujalifunga

Simu za aina hii huja kila baada ya miezi michache, kutoka Golf, kutoka Kampemba, mara nyingine hata kutoka Kolwezi: "Yaya, grupu yetu inakufa, nifunge?" Wananipigia kwa sababu ninasimamia grupu la WhatsApp la watu wanaotunza hifadhidata hapa Lubumbashi. Humo mna wa benki, wa migodi, wa hospitali, wa vyuo, na wawili wa maduka ya jumla ambao ndio wenye kazi nyingi kuliko sisi wote. (Huku mtaani tunasema "baze". Hifadhidata ni neno la vitabuni, yaani taarifa zilizopangwa kwa majedwali ndani ya kompyuta. Nitayachanganya. Na "yaya" huku ni kaka au dada mkubwa.)

Jibu langu ni lile lile ninalompa mtu anayeniambia baze yake inakwenda pole. Sikwambii ununue seva mpya, ile kompyuta inayobeba baze. Ninakuuliza: tangu lini, kwa nani, na kwenye swali gani? "Grupu limejaa taka" ni malalamiko, bado si ugonjwa. Nyuma yake nimewahi kukuta magonjwa yasiyopungua saba, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni msimamizi aliyechoka kuanza kwa kupiga marufuku utani, eti ndio unaoleta vurugu. Tulifanya hivyo sisi pia. Nitafika hapo.

Dalili: namba usiyoijua inatangaza faida ya dola kila siku

Huu ndio ugonjwa mwepesi. Panda juu kwenye mazungumzo, tafuta mistari midogo ya kijivu inayosema fulani amejiunga kwa kiungo cha mwaliko, kisha linganisha tarehe na ile ya tangazo la kwanza la taka. Zikikaribiana, kiungo chenu kimevuja. Chetu kilivujia kwenye karatasi ya semina. Mtu aliibandika ukutani, mwingine akaipiga picha, wa tatu akaiweka Facebook mahali pa wazi. Kiungo kikishakaa hadharani, hakihitaji adui anayekujua. Kuna programu zinazozunguka usiku kucha zikiviokota.

Weka upya kiungo. Cha zamani kinakufa papo hapo, pamoja na ile picha ya mraba ya kuskani. Ila kumbuka kwamba kuweka upya hakumtoi aliyekwisha kuingia. Wengi hubadili kufuli wakati mwizi yumo chini ya kitanda, halafu wanashangaa kwamba taka zinaendelea. Pitia orodha ya wanachama, waripoti wale wa taka kwanza, ndipo uwatoe. Kisha washa idhini ya msimamizi kwa kila anayetaka kuingia, na wanachama wa kawaida waondolewe uwezo wa kuongeza watu.

Mlangoni sisi tunauliza swali moja tu: unatunza baze gani, na mara ya mwisho ilikusumbua kwa nini? Muuza ndoto hajibu. Mtunza baze wa kweli anakuandikia aya tatu, tena kwa hasira.

Usichuje watu kwa msimbo wa nchi. Kuna wenzetu wanaofanya kazi upande wa Zambia na namba zao zinaanza na +260, na kuna matapeli wengi tu wenye +243.

Dalili: taka inatoka kwa mtu mnayemheshimu

Mkubwa mmoja wa Oracle (programu mojawapo ya baze), ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuandika zaidi ya "Bonjour à tous", Jumatatu moja asubuhi akaanza kuuza dola kwa bei ya kutupa na kuomba pesa zitumwe kwa simu. Wawili walikuwa tayari wanauliza kiasi.

Mpigie simu ya kawaida, si ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp yake huenda iko mikononi mwa mwingine. Karibu kila mara sababu ni kwamba alipewa hadithi fulani (mkutano, zawadi, "nimekosea kutuma msimbo kwako") naye akautoa ule msimbo wa tarakimu 6 uliokuja kwa SMS. Dawa ni kuisajili tena namba yake kwenye simu yake. Akishaingiza msimbo mpya wa SMS, mwizi anatupwa nje. Kama mwizi aliweka PIN ya hatua ya pili, mwenye namba atasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Lakini hata siku hizo saba zikiwa zinakwenda, mwizi hayumo tena. Watu hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa. Akirudi, aangalie vifaa vilivyounganishwa na akaunti, aweke PIN yake mwenyewe.

Wakati huo wote mtoe kwenye grupu bila kumwaibisha. Na kama simu yake haipatikani, kuna kipimo chetu cha Lubumbashi, mji wa timu mbili za mpira. Mmoja wetu alimwuliza yule "mkubwa": Mazembe au Lupopo? Akajibu Barcelona.

Dalili: swali la dharura limezama kwenye utani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipojikata wenyewe.

Usiku wa dabi. Wa Mazembe wanahesabu mataji ya Afrika kama mtu anayeendesha SELECT COUNT(*), amri ya baze ya kuhesabu: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Matano. Wa Lupopo wanajibu kwamba replika ya Mazembe (nakala inayofuata baze kuu) imechelewa, data yao ya mwisho ni ya 2015. Anakuja mwingine: Lupopo je? Jibu: NULL. Na mwingine, mwalimu, anasahihisha kwamba NULL si sifuri, NULL maana yake haijulikani, kwa hiyo matumaini bado yapo. Jumbe mia na zaidi kwa saa moja.

Katikati yake, saa nne na dakika saba usiku, dada mmoja wa hospitali aliandika kwamba jedwali la wagonjwa limefungwa na hakuna anayeweza kusajili mtu. Alijibiwa asubuhi.

Tulikasirika, tukafunga utani mwezi mzima. Grupu likawa kama matanga: watu wanaingia, wanakaa kimya, wanatoka. Tulichokuwa hatukukitarajia ni kwamba maswali nayo yalipungua. Kijana mgeni haanzi kwa kuandika "naomba msaada wa mpango wa utekelezaji". Anaanza kwa mzaha, "wakubwa, baze yangu leo imeamka na mguu mbaya", na mtu anamwuliza imefanya nini, na hapo kazi inaanza. Tulipoondoa mzaha tuliondoa mlango wa watu wenye haya. Matangazo ya dola yaliendelea kama kawaida, maana hayakuwa na uhusiano wowote na Mazembe.

Tatizo lilikuwa bomba moja lenye maji ya aina mbili. Tukaunda jumuiya yenye makundi mawili. La kwanza ni la maswali. La pili tukaliita Baraza, na huko mtu achekwe mpaka alie. Kwenye la maswali kuna desturi tatu tu: taja toleo la programu, bandika ujumbe wa kosa wote kwa maandishi (si picha iliyopigwa kwa mkono unaotetemeka), na useme nini kilibadilika tangu ilipokuwa ikifanya kazi. Kipengele cha tatu ndicho watu hukwepa, na ndicho chenye jibu mara nyingi.

Tatizo la dada yule lilikuwa la dakika tano. Programu ya baze ilikuwa PostgreSQL, na seshoni moja (muunganisho wa mtumiaji) ilifungua muamala, yaani kazi isiyokamilika hadi ithibitishwe, ikalifunga jedwali na kukaa hivyo, "idle in transaction", kwa sababu mtengeneza programu alifunga kompyuta yake akaenda kula bukari (ugali). Ukiangalia pg_stat_activity, orodha ya walio kazini, na kuuliza pg_blocking_pids, unamwona anayeziba njia. Unamtoa, foleni inasonga. Kisha unaweka kikomo cha muda, idle_in_transaction_session_timeout, ili isirudie. Alikaa usiku mzima akisajili wagonjwa kwenye daftari kwa ajili hiyo.

Dalili: mtu ametekeleza mzaha

Hili ndilo linalonitisha kuliko taka zote, na huwezi kulitibu kwa kumtoa mtu.

Kijana aliuliza: "Wakubwa, diske inajaa, fasi ya kuandika hapana tena, nifanye je?" Mmoja, kwa mkono mwepesi, akamjibu: "Futa pg_wal, inakula fasi bure 😂". Wazee wote walicheka, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba pg_wal ndiyo kumbukumbu ya mabadiliko ambayo seva inaitegemea ili isimame tena ikianguka. Ukiifuta, umeiua baze. Kijana hakuwa anajua. Aliona sentensi ya Kiswahili yenye kitenzi cha amri, kutoka kwa mtu anayeheshimiwa. Akafuta.

Nisingependa kumcheka. Waandishi wa PostgreSQL wenyewe walilazimika kulibadilisha jina la folda hiyo. Hadi toleo la 9.6 iliitwa pg_xlog, na watu waliona neno "log" wakadhani ni makaratasi ya zamani, wakafagia. Toleo la 10, la mwaka 2017, likaipa jina pg_wal. Kama jina tu liliwapoteza watu wazima, sembuse ushauri wa mkubwa.

Kwa wenye dalili halisi ya pg_wal kuvimba: folda hiyo haijai bila sababu. Angalia kwanza pg_replication_slots, orodha ya sloti: kila sloti huweka mabadiliko ambayo replika yake bado haijayachukua. Kama kuna sloti ya replika iliyokufa zamani (seva ya pili ilizimwa, hakuna aliyeifuta sloti yake), seva kuu inaendelea kuwekea maiti chakula. Ondoa sloti hiyo kwa pg_drop_replication_slot na nafasi itarudi yenyewe baada ya muda. Kama sloti ni safi, angalia pg_stat_archiver. Idadi ya majaribio yaliyoshindwa ikipanda, basi archive_command, amri ya kunakili faili hizo kwenda akiba, inafeli, pengine kwa sababu diski ya nakala nayo imejaa au njia ya mtandao imekatika. Irekebishe, usifute. Kuanzia toleo la 13 unaweza pia kuweka kikomo kwa max_slot_wal_keep_size, ili replika moja iliyopotea isiangushe nyumba nzima. Wa Oracle wana ndugu wa ugonjwa huu, ORA-00257: nafasi ya logi zilizohifadhiwa imejaa. Huko nako usifute kwa rm, amri ya kufuta faili. Tumia RMAN, chombo cha Oracle cha nakala za akiba, maana ukifuta kwa mkono daftari lake bado linaamini faili zipo. Wa MySQL, programu nyingine ya baze, amri ni PURGE BINARY LOGS.

Utaratibu tuliouweka baada ya hapo ni mdogo. Kwenye kundi la maswali hakuna mzaha wenye amri ndani yake. Ukitaka kutania kwa DROP (futa jedwali) au rm, nenda Baraza, na hata huko iandike ivunjike, isikubali kutekelezwa mtu akiibandika. Mcheshi yule ndiye aliyekaa na kijana siku mbili wakirejesha nakala. Hakuna adhabu nyingine iliyohitajika.

Dalili: mwenzenu amegeuka bango

Anaweka tangazo la mafunzo yake kila asubuhi, au "majibu ya mitihani ya cheti", au programu iliyovunjwa leseni. Hizi mbili za mwisho zinaondolewa bila mjadala, kwa sababu faili za aina hiyo ni njia maarufu ya kumwingizia mtu virusi, na sisi ndio wenye funguo za hazina.

Mafunzo ni suala jingine. Mimi huangalia kama mtu huyo amejibu swali lolote la wengine mwezi huu. Akiwa amejibu, apewe Ijumaa atangaze. Kama hajajibu hata moja, anazungumza peke yake. Wala tusijione safi sana. Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk wa kampuni ya DEC, kwa watu karibu 400 wa mtandao wa ARPANET, kuwaalika kwenye maonyesho ya kompyuta mpya. Mtu wa kompyuta, akiwaandikia watu wa kompyuta, kuhusu kompyuta.

Dalili: kimya

Umeuliza, hakuna jibu. Kabla hujasema watu hawana upendo, bonyeza ujumbe wako kwa muda na ufungue taarifa zake. Utaona nani umemfikia na nani ameusoma. Kwenye grupu hata walioficha alama za kusoma huonekana. Umefika kwa wengi na haujasomwa? Wamelinyamazisha grupu, rudi kwenye bomba la maji mawili. Haujafika kabisa kwa watu wa mtaa mmoja? Moto (umeme) wa SNEL umekatika huko na simu zimezimika, au mega (data za intaneti) zimeisha. Umesomwa na thelathini na hakuna aliyejibu? Swali lako halina toleo wala ujumbe wa kosa.

Dalili: picha yenye neno la siri

Hii ilikuwa yangu. Nilipiga picha ya skrini kuonyesha kosa, na mstari wa juu ulikuwa na neno la siri la mtumiaji wa nakala za akiba. Niligundua baada ya robo saa.

Futa kwa wote, ndiyo. WhatsApp inakuruhusu kwa zaidi kidogo ya siku mbili, na msimamizi anaweza kufuta ya mwingine. Lakini hesabu kwamba limeshasomwa, ulibadilishe. Kwenye psql, dirisha la amri la PostgreSQL, tumia \password, siyo ALTER ROLE yenye neno lenyewe waziwazi, vinginevyo unaweza kulikuta limelala kwenye logi ya seva. Ikiwa picha ina majina na namba za wateja, hapo si aibu tu: Kanuni ya masuala ya kidijitali ya nchi yetu, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu binafsi, na "nilikuwa naomba msaada" si utetezi.

Nilibadilisha neno la siri usiku ule ule. Nikalala nikijipongeza.

Dalili: roboti wenu ndiye mtuma taka

Tulikuwa na kundi la pembeni Telegram ambako hati yangu ya nakala za akiba (orodha ya amri zinazojiendesha) ilituma ujumbe kila usiku: "Backup imefaulu", jina la faili, ukubwa. Saa za seva zilikuwa UTC (saa za dunia), kwa hiyo saa nane usiku yake ilikuwa saa kumi alfajiri kwetu na saa tisa kwa wenzetu wa Kinshasa. Mwanzoni watu waliuitikia kwa alama ya dole gumba. Baada ya wiki tatu hakuna aliyeufungua. Ujumbe wa "kila kitu sawa" unaorudi kila siku ni taka kama tangazo la dola, tofauti ni kwamba huu umeuandika mwenyewe na unaona aibu kuufuta.

Tangu usiku ule wa neno la siri, hati ilikuwa bado inatumia la zamani. pg_dump, amri ya kunakili baze, ilikataliwa mlangoni kila usiku. Lakini nilikuwa nimeiunganisha kwa bomba na gzip, inayominya faili, na shell (inayoendesha amri) hurudisha matokeo ya amri ya mwisho kwenye bomba. gzip haikuwa na malalamiko yoyote: iliminya utupu, ikaandika faili safi ya baiti 20, ikarudisha sifuri, yaani hakuna kosa. Roboti akatangaza ushindi. Siku kumi na moja mfululizo.

Aliyeligundua ni mpenzi wa Lupopo, yule wa replika ya Mazembe. Alfajiri moja hakuwa na usingizi, akafungua ujumbe, akaandika Baraza: "Yaya, baze yako nzima ni baiti 20? Hata stika yangu ya Lupopo ni nzito kuliko hiyo."

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Marekebisho: set -o pipefail juu ya hati, ili kosa la amri yoyote kwenye bomba lihesabiwe. Ukaguzi wa ukubwa: faili ikiwa chini ya nusu ya ile ya jana, piga kelele. Ufuatiliaji kutoka seva nyingine, unaolia kama faili mpya haijafika hadi saa fulani, kwa sababu hati iliyokufa haiwezi kukutumia habari za kifo chake. Na usiku wa kawaida, kimya. Ujumbe mmoja tu huja Jumatatu, baada ya nakala kurejeshwa kwenye seva ya majaribio: majedwali mangapi, safu ngapi kwenye lile kubwa kuliko yote, faili uzito gani.

Mpenzi wa Lupopo anaupima kwa stika kila Jumatatu.